Mnaongea kwa Midomo, Taa ya Nini?

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Kwetu Endamarariek, siku hizo tukiwa bado Wilaya ya Mbulu, mikanda yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Wanaume wengi walifunga suruali kwa kamba ya katani. Ombi likapokelewa bila ubishi. Miezi kumi na minane ikapita, ikaja mingine, na mingine tena, na duka la kijiji likabaki na rafu zake, ubao wa bei, na muuza duka aliyesinzia juu ya kreti tupu la soda.

Njaa kubwa siikumbuki. Mahindi yalikuwepo, ngwara ilikuwepo, na maziwa ya kutia kwenye ugali hayakukosekana. Tulichokosa ni vitu vya dukani: sabuni, chumvi, sukari, mafuta ya taa, kiberiti, kitambaa. Fedha haikuwa shida kubwa, na hili nikiwaeleza vijana wa sasa hunitazama kwa mashaka. Mama alikuwa na noti kadhaa alizozifunga kwenye pindo la khanga, zikakaa humo hadi zikalainika kwa jasho, kwa sababu hapakuwa na cha kununua. Mtu aliweza kuwa na shilingi mia mfukoni na bado akalala gizani.

Lori la Kampuni ya Biashara ya Mkoa, ile RTC, lilipotoka Arusha kuja huku, habari zake zilitangulia vumbi lake. Balozi wa nyumba kumi alitoka na daftari lenye majina ya kaya, na kila kaya ikaitwa kupokea mgawo: sukari kilo moja, sabuni mche mmoja, mafuta ya taa chupa moja, basi. Kaya yenye watoto tisa na kaya ya mzee mmoja na mbwa wake zilipata sawasawa. Ugomvi wa siku hizo siusimulii. Kuna ndoa zilizokaribia kuvunjika kwa ajili ya robo ya chumvi.

Huo mche wa sabuni ndio shule yangu ya kwanza ya uchumi. Mama hakuukata kwa kisu, maana kisu hubomoa pembe na kuacha makombo. Aliuzungushia uzi wa gunia, akavuta ncha zake mbili taratibu, na sabuni ikaachana bila kupoteza hata chembe. Vipande alivipanga darini juu ya jiko, vikapigwa moshi na kukauka kwa wiki kadhaa. Sabuni mbichi huyeyuka upesi majini. Iliyokauka inataka kusuguliwa kwa nguvu ndipo itoe povu, na mkono wa mtoto ukichoka, sabuni inasalimika.

Siku ya kufua ilikuwa na utaratibu wake. Maji yaliyobebwa kichwani kutoka korongoni hayakumwagwa hivi hivi. Mashati meupe ya shule yalitangulia, zikafuata nguo za rangi, kisha matambara ya mtoto mchanga, kisha miguu yetu sote kwa zamu. Yaliyobaki, meusi na mazito, yalikwenda kwenye mashina ya maboga. Kipande cha sabuni kikishakuwa chembamba kiasi cha kupenya mwanga, kilibandikwa mgongoni mwa kipande kipya na kuendelea na kazi. Sufuria hazikuijua sabuni kabisa. Zilisuguliwa kwa majivu, na ziling'aa.

Mafuta ya taa yalitunzwa kwa ukali zaidi. Koroboi yetu ilitengenezwa na fundi wa Karatu kwa kopo la dawa, na utambi wake ulichomozwa kidogo tu, moto ukawa wa ukubwa wa punje ya harage. Iliwashwa wakati wa kupakua chakula, ikaachwa kwa muda wa kumaliza hesabu za shule, kisha mama akaipuliza. Sisi tulipenda kuendelea na hadithi. Tukilalamika, alijibu kutoka gizani: "Mnaongea kwa midomo, taa ya nini?" Sijapata jibu la swali hilo mpaka leo.

Kiberiti kilikaa kwenye kibweta cha mama kwa ajili ya dharura. Moto wa kawaida uliazimwa. Asubuhi, nyumba ambayo jiko lake lililala na moto na sasa linatoa moshi ndiyo iliyokuwa duka la kiberiti la mtaa mzima, na sisi watoto tulitumwa na kipande cha kinyesi kikavu cha ng'ombe, kilichoshika kaa moja ndani, tukirudi mbio huku tukipuliza lisizimike. Kaa hilo halikuandikwa kwenye daftari la mtu. Kesho yake wao ndio waliokuja kwetu.

Na kuni nazo zilipangwa. Ngwara ni chakula kitamu lakini kigumu kuiva. Ukiipika bila kuilowesha, inaweza kula mzigo mzima wa kuni na bado ikakuvunja jino. Bibi, Aama kama tulivyomwita kwa Kiiraqw, aliilowesha jioni, akamwaga maji asubuhi, akaitia chungu kimoja na kibonge kidogo cha magadi yaliyopanda na wachuuzi kutoka upande wa Ziwa Eyasi. Magadi hulainisha ganda, na chungu kikishachemka vizuri alipunguza kuni zote isipokuwa mbili, akaziba mdomo wa chungu kwa jani na kifuniko, akaenda shambani. Aliporudi ilikuwa imeiva kwa joto lililobaki.

Tukikutana siku hizi misibani au kwenye ubatizo, watu wa rika langu hupenda kujisifu kwamba sisi tulilelewa kwa nidhamu ya fedha, si kama hawa watoto wa vifurushi. Mimi huwa nakaa kimya nikinywa soda yangu, kwa sababu sikubaliani nao. Fedha hatukufundishwa. Tulichofundishwa ni kulinda kitu ambacho jicho linakiona kikipungua: sabuni inayonyauka, mafuta yanayoshuka ndani ya chupa, rundo la kuni linalofupika. Katika hilo mama zetu walikuwa mabingwa. Ila ubingwa huo uliwagharimu. Aliyeamka alfajiri kuwahi maji kabla hayajatibuliwa ni mama, na aliyekosa sukari kwenye chai yake ili ya watoto itoshe ni yeye vilevile. Ugoro wa baba haukuwahi kupimwa kwa uzi wa gunia.

Dunia ya nje ya kijiji tuliisikia kwa mbali. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, lakini mafuta ya kupikia ya Kimbo yalionekana yakipita usiku kutoka njia za Namanga, na yaliyofika Karatu yaliuzwa kwa kunong'onezana. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwenyeji wa Monduli, jirani yetu, akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi wakatupa mali mitoni na porini, na kwa wiki chache watu wetu waliokota vitu ambavyo hawakuwahi kuvinunua. Sokoine akafa katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo serikali ikaruhusu wenye fedha za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 mlango ukafunguka wazi. Rafu zikajaa, mitumba ikamwagwa chini mnadani. Nilipata suruali yangu ya kwanza isiyo na kiraka nyuma, na nilitembea nayo nikijigeuza geuza watu wauone upande huo.

Hapo ndipo hadithi ya kopo la bibi inapoingia.

Bibi alikuwa na kopo la maziwa ya unga alilolifukia pembeni mwa jiwe la kusagia. Ndani yake alitia sarafu: senti hamsini zenye sungura, senti ishirini zenye mbuni, shilingi zenye mwenge. Zilitokana na kuku, mayai na vyungu alivyovifinyanga mwenyewe, na zote zilikuwa za jambo moja, yaani bati. Nyumba ya tembe ni ya joto na haina gharama, lakini paa lake la udongo linavuja masika na linataka kutengenezwa kila mwaka, na bibi alitaka kufa akiwa chini ya bati. Hakuwahi kuchota humo hata siku tulipolala bila chumvi. Kwa kipimo chochote alikuwa mwekaji akiba bora kuliko wote niliowahi kuwafahamu, pamoja na wenye mashahada ya benki.

Mwaka 1986, mwaka ambao serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja ilipanda kutoka shilingi kama 17 hadi kama 40, na ilipofika 1990 ilikuwa inakaribia 200. Bibi hakuwahi kuiona dola kwa macho, ila dola ilimwona. Kopo lilipofukuliwa na kuhesabiwa juu ya ngozi uani, jirani mmoja aliyekuwa fundi alipiga hesabu kwa kijiti ardhini, akarudia, kisha akasema zinatosha bati chache na misumari. Sarafu zilikuwa zile zile. Hakuna aliyeiba, hakuna panya aliyetafuna, kopo halikuwa na kutu. Bibi aliuliza mara nyingi nani alizipunguza, na hatukuwa na mtu wa kumtajia.

Babu, ambaye sikuwahi kumwona akiweka senti popote, alifanya vizuri zaidi. Kwa desturi ya Wairaqw aliwaweka ng'ombe wake kwa marafiki, wengine upande wa Mbulu, wengine huko bondeni. Mtunzaji anakunywa maziwa na kupata samadi, mwenye ng'ombe anahesabu ndama, na ugonjwa ukipiga boma moja haupigi mali yote. Bei ya bati ilipopanda, na bei ya ng'ombe ilipanda. Bati za nyumba ile hatimaye zilitoka kwa dume mmoja aliyeletwa na rafiki wa babu ambaye sisi wajukuu hata hatukumjua. Bibi aliishi chini yake miaka kadhaa, na mvua ikinyesha alilalamika kwamba makelele hayamwachi alale.

Sasa tumo Wilaya ya Karatu, tangu katikati ya miaka ya 1990. Lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, imeleta magari ya watalii mbele yetu na bidhaa nyuma yake. Umeme wa vijijini wa REA umefika, na kuunganishwa kwa shilingi 27,000 ni bei ya mbuzi mdogo, tena mdogo kweli. Mama, ambaye umri umeenda lakini ulimi bado, ana balbu chumbani, balbu sebuleni na balbu uani.

Anazizima zote. Ukitoka chumbani kwenda kunywa maji, ukirudi ni giza. Wajukuu wakikaa sebuleni na simu zao, anapita na kubonyeza swichi, maana kwa hoja yake simu zina taa zake. Lakini Jumamosi pasi inawaka mezani kwa muda wa saa moja na nusu kwa ajili ya nguo za kanisani, na hilo halimsumbui, kwa sababu pasi haitoi mwanga. Nilijaribu siku moja kumpigia hesabu. Balbu ya kisasa ya wati 9 inahitaji saa 111 za kuwaka ndipo imalize uniti moja ya LUKU. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja tu ikiwa haijizimi. Ndoo ya lita ishirini ya maji ya baridi ya huku juu, ukitumbukiza ile hita ya waya hadi yafae kuoga, imekula zaidi ya nusu uniti. Na mteja mdogo wa nyumbani ana bei nafuu kwa uniti 75 za mwezi. Akizidisha, zile za ziada zinakuja na bei nyingine kabisa. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akainuka akazima balbu.

Jicho lake halijakosea kwa bahati mbaya. Kwa maisha yake yote kilichokula ndicho kilichoonekana kikila. Koroboi ilikuwa inakunywa mbele yako. Hita ya waya inakula kimya ndani ya ndoo, na bili yenyewe haina karatasi, ni namba ishirini zinazoingia kwenye simu ya mjukuu. Tangu 2021 hata kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na mara ya kwanza umeme wa elfu mbili ulipokuja pungufu, mama aliamini mjukuu amekula chenji.

Simu ndiyo imenichosha zaidi. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008 na kusema kweli imetuokoa mengi; zamani kumtumia mtu fedha Endamarariek ulimtegemea kondakta na Mungu. Lakini angalia tunavyozungumza sasa. Ukimwahidi mzazi elfu ishirini, anasubiri kidogo kisha anauliza: "Na ya kutolea?" Unatuma, unakatwa, anatoa, anakatwa, akimtumia dada yake Mbulu kipande cha hiyo hiyo, safari inaanza upya. Makato yenyewe ni madogo, na udogo wake ndio silaha yake. Kwa muda mfupi tuliyaona, Julai 2021, serikali ilipoweka tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Kelele zilikuwa kubwa hadi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikashushwa tena. Katika miezi ile mama alirudi kutumia madereva. Alisema dereva akikuibia angalau unamjua kwao.

Dukani nako. Mama akienda dukani husalimiwa vizuri:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipimie sukari kilo."

"Kilo nzima, bibi? Siku hizi watu wanachukua ya mia tano."

Kweli wanachukua ya mia tano. Sukari ya mia tano kwenye kifuko kilichofungwa fundo, mafuta ya kula ya mia tano yaliyopimwa kwa kikombe, majani ya chai ya mia moja, sabuni ya unga ya kijipakiti. Mwanamke anayenunua hivyo si mjinga. Ndicho alichonacho mkononi siku hiyo, na mwenye vibarua anaishi kwa siku. Lakini vikombe vile ukivijumlisha hadi vifikie lita, umelipia lita na kitu juu yake, na kitu hicho ndicho faida ya duka. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini na kilo ikavuka shilingi 4,000 sehemu nyingi, kifuko cha mia tano hakikupanda bei hata kidogo. Kilipungua tumbo tu. Mama alikishika, akakitikisa karibu na sikio, akamrudishia kijana wa duka.

Hata hivyo, nikiulizwa nyumba za Endamarariek zinavujia wapi, sitataja sukari wala simu. Nitataja ghala. Mahindi yanavunwa Julai na Agosti, wakati kila mtu anavuna na kila mtu anadaiwa. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne imefutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha shule havijafutwa, na mkopo wa pembejeo unasubiri mlangoni. Magunia yanauzwa kwa bei ya wingi, fedha inakaa mezani wiki moja, na ikifika Februari nyumba ile ile inanunua mahindi kwa debe, wakati mwingine kutoka kwa mtu yule yule, kwa bei ambayo afadhali usiitaje mbele ya watoto. Debe lililouzwa mapema halionekani likipungua. Limeshaondoka.

Zamani hatukuuza mapema, na si kwa sababu ya hekima. Hakukuwa na wa kumuuzia wala cha kununua kwa fedha hiyo. Mahindi yalikaa kihengeni yakichanganywa na majivu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akagunduliwa nchini dumuzi, mdudu mgeni aliyeanzia Tabora, ambaye wakulima walimpa jina la Scania, na ambaye hubomoa mahindi na kuacha unga. Majivu yetu hayakumtisha. Tangu hapo kutunza kukawa na gharama ya dawa, na mtu mwenye hofu ya mdudu huuza upesi. Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu anakufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote. Bei ya mfuko mmoja ni mara kadhaa ya bei ya gunia la kawaida, na watu wanauona ghali. Mama naye anauona ghali, maana bei ya mfuko unaiona, na mahindi yaliyoliwa mwaka jana huyaoni tena.

Mbaazi nazo zilitupa somo letu. Bei ilikuwa nzuri hadi 2016, watu wakalima mbaazi hadi kwenye kingo za makorongo, wakakopa pikipiki kwa matumaini ya mavuno yajayo. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkuu, ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoagizwa kutoka nje. Bei ikaanguka hadi wengine wakawalisha ng'ombe. Pikipiki zikarudishwa kwa wenyewe. Ngwara ilisimama afadhali kwa sababu Wakenya wanaipenda na huifuata wenyewe, lakini kilichotokea kwa kopo la bibi kilitokea tena kwa watu waliojiona werevu kuliko bibi.

Waliobaki na akiba wakati ule ni wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mimi mwanzoni nilivicheka vikundi hivi. Kukaa kwenye viti vya plastiki, faini ya kuchelewa, faini ya simu kulia. Lakini tazama lile sanduku lao la bati lenye kufuli tatu, funguo zake zikiwa kwa watu watatu tofauti, likifunguliwa mbele ya wote na fedha zikihesabiwa kwa sauti. Mtu anaiona hisa yake ikiingia. Hilo mama alilielewa siku ya kwanza bila kuelezwa. Mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila wiki, yeye huiita kwa maneno ambayo mhariri atayaondoa.

Sasa tumefika kwenye gesi. Serikali ina mkakati wake wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, na nyumbani kwetu umefika kwa sura ya mtungi mmoja wa kilo sita aliouleta mdogo wangu. Mkwe wa mama alifurahi. Mama aliuzunguka mtungi ule, akaugonga kwa kidole, akauliza unajuaje kilichobaki. Mkwe akamwambia hujui, unapika tu hadi moto uzime. Sijawahi kuona jibu likimkera kiasi kile.

Kesho yake aliagiza mizani ya kuning'iniza ambayo tunapimia ngwara. Mjukuu akaning'iniza mtungi kwenye mwembe, mama akamsomesha uzito mtupu uliopigwa chapa kwenye chuma, akatoa, na jibu likaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya ibada mtungi unapimwa. Kwa mistari ile ya mkaa aligundua mwenyewe kwamba chai na uji hugusa gesi kidogo sana, na kwamba sufuria moja ya ngwara humeza gesi ya siku nyingi. Akatoa hukumu: chai na uji gesini, ngwara ilale majini na magadi yake na iende kwenye kuni. Mkwe aliyesoma alikubali, na mimi nilikubali.

Mtungi wa tatu ulipotoka kujazwa, mizani ilionyesha umepungua karibu nusu kilo. Mama hakusubiri Jumapili. Aliita bodaboda, akapakata mtungi mbele ya tumbo, mizani ikining'inia begani, akaenda kwa muuzaji, akaomba kamba na boriti, akaupima mbele ya wateja wake wengine. Akabadilishiwa papo hapo, na wateja wawili wakaomba mitungi yao ipimwe pia. Bodaboda ya kwenda na kurudi, pamoja na muda aliosubirishwa, ilizidi thamani ya gesi iliyopungua. Dereva alinipigia mimi, nikamlipa kwa simu, na ya kutolea.